Siku Chachu za Chula

Alipokuwa akisikiliza, Somo hakumtazama mtu usoni. Alitazama ukili. Chane za miyaa zililowekwa katika sufuria ya maji ubavuni mwake, na vidole vyake vilipita juu na chini ya kila uchane kwa mwendo mmoja, hata mgeni akadhani kwamba bibi huyu yumo katika kusuka mkeka wake na hana habari ya yanayosemwa. Kisha, mahali fulani katikati ya sentensi, vidole vilisimama. Mke na mume waliokuwa mbele yake walisimama navyo. Hakuwa ametamka neno, lakini wote watatu walijua kwamba lililosemwa hivi punde ndilo lililowaleta.

Namwita Somo kwa sababu hivyo ndivyo alivyoitwa na kila mtu, na kwa sababu jina lake aliniomba nisiliandike mahali popote. Ukoo wake nao nauacha. Wanaoujua hawahitaji kuambiwa, na wasioujua hautawafaa kitu. Kwetu Wabajuni, tangu visiwa vya Chula na Kudhaa mpaka mitaa ya Kismayo, kusini mwa Somalia, somo ni mwanamke anayekabidhiwa mwari kabla ya harusi. Humfundisha unyumba, humsimamia siku ya ndoa, na baadaye huwa wa kwanza kuambiwa jambo linapoharibika. Ni cheo cha wanawake baina yao. Mwanamume hana somo, na kwa desturi hana la kuzungumza na somo wa mkewe zaidi ya salamu. Kwamba mimi, mwalimu wa nahau ya Kiarabu mwenye kilemba kichwani, nilikaa mbele ya Somo huyu kwa miezi saba na kujibu maswali kama mwanafunzi wa juzuu ya kwanza, ni jambo ambalo baba yangu asingeliamini.

Nilimwendea kwa kuwa mke wangu, Mwanaesha, alikuwa ameniomba talaka. Wakati huo yeye alikuwa mwaka wa tano katika nchi ya baridi pamoja na binti yetu, nami nilikuwa Mombasa nikingoja karatasi za kumfuata. Hakuniomba kwa hasira. Aliandika katika simu kwamba amechoka kuolewa na sauti, na kwamba nikiona vyema nimwache kwa wema. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa ameniandikia ujumbe mwingine, mfupi zaidi: "Wewe hujui siku chachu za Chula." Nilimjibu kwa kirefu. Nilimwambia kwamba siku zote za vita zilikuwa chachu, kwamba hakuna nyumba ambayo haikuonja uchachu huo, na kwamba subira ina malipo yake. Nilikisoma tena nilichoandika kabla ya kukituma, nikaona hakina kosa la lugha. Jibu lake likawa ni ombi la talaka.

Nitarudi hapo. Kwanza nataka Somo aonekane mwenyewe.

Alikuwa mrefu, mkavu, na mwepesi wa kukasirika kwa mambo madogo. Aliwafundisha subira watu wa mataifa matatu, naye hakuweza kukaa kwenye foleni. Kambini, pwani ya Kenya, tulikokimbilia vita, tulipokuwa tukipanga mstari wa maji, alikuwa akiacha ndoo yake itangulie peke yake, yeye akazunguka akisalimu watu na kurudi zamu ikifika; na ole wake aliyeisogeza ndoo ile. Hakupenda umbea, na alikuwa tayari kumfukuza mwanamke aliyekuja na habari za nyumba ya jirani. Lakini alitaka kujua kila nyumba imepika nini. Nilimuuliza siku moja kama huo nao si umbea. Akanijibu kwamba mwanamke aliyekuwa akipika samaki wa nazi kila Ijumaa akaacha, amekwisha kusema neno, na yeye hataki kuwa kiziwi.

Aliolewa mara tatu. Watu waliotaka kumpunguza walilitaja hilo, na yeye alilitaja kabla yao. Mume wa kwanza, alisema, alimwacha yeye. Wa pili aliachwa na yeye. Wa tatu waliachana wote wawili kwa wakati mmoja, mpaka kadhi akacheka. "Fundi wa boti hasa," alikuwa akisema, "ni yule aliyewahi kuzama." Aliyasema hayo akichagua miyaa, bila haya na bila majivuno.

Kabla ya vita alikuwa somo kama masomo wengine. Ni kambini ndiko kazi yake ilikobadilika. Walikuja watu wa shirika moja la misaada kufundisha wanawake kumi namna ya kusikiliza wenye majonzi, na Somo akachaguliwa kwa kuwa tayari kila hema lilikuwa likimwita. Alikwenda akinung'unika. Aliwacheka walimu wake kwa kuwa walikaa duara kama watoto na kuulizana wanajisikiaje. Cheti alichopewa alikiweka chini ya godoro. Na bado, tangu siku ile, aliyashika mawili aliyoyasikia huko kama mtu aliyeshika sharti la swala: kwamba siri ya mtu haitoki, hata kwa mama yake mzazi, na kwamba mwenye kusikiliza hatoi hukumu.

La pili lilimgharimu. Aliniambia, miaka mingi baadaye, maneno ambayo nadhani hakuwaambia wengi.

"Mwanangu, miaka ishirini nimewaambia wanawake wavumilie. Wako ambao niliwaambia vema. Na wako ambao sikupaswa kuwaambia, na majina yao nayajua."

Kwa hiyo alikuwa na mpaka mmoja usiovukika. Nyumba yenye kupigana hakuiketisha pamoja. Alimwita mke peke yake, akamtafutia kwanza pa kulala na mtu wa kukaa naye, na mume akija na wazee kudai kikao cha suluhu, aliwaambia kwamba yeye hushona kilichochanika, hashoni kinachoendelea kuchanwa. Wazee walimwona mkaidi. Mmoja wao, baada ya binti mmoja kuondolewa kwa mumewe, alimshtaki kwa wakubwa wa kambi kwamba anavunja nyumba za watu. Somo alikwenda, akasikiliza mashtaka mpaka mwisho, akauliza kama mlalamikaji yuko tayari kulala usiku mmoja katika hema la binti huyo. Kesi ikaishia hapo.

Namna yake ya kufanya kazi, ile ambayo kwayo anakumbukwa, haikutoka kwa shirika wala kwa bibi zake. Aliizua mwenyewe, na nilikuwa jirani wa hema alipoizua.

Palikuwa na baharia mmoja wa Kudhaa na mkewe. Tangu wafike kambini, mume alikuwa hakai ndani. Akiingia, mara hutoka. Mke alisema amepata mwingine. Mume alisema ni kelele za masufuria. Walirudia hayo siku nzima, kila mmoja kwa sauti ya juu kidogo, na sisi majirani tulikuwa tumeyahifadhi. Somo akachoka. Akamwambia mke: kabla hujamjibu, nirudishie alichosema, kwa maneno yake, na yeye ndiye atakayesema kama ni yake.

"Anasema napiga kelele," mke akasema.

"Si yangu," mume akasema.

"Anasema mimi sina adabu jikoni."

"Si yangu hayo."

"Basi anasema nini huyu mchu? Sufuria ni sufuria!"

Sina budi kueleza hapa, kwa msomaji asiye wa kwetu, kwamba Kibajuni huweka *ch* mahali pengi ambapo wengine huweka *t*. Mtu kwetu ni mchu, na watu ni wachu. Kwa herufi hiyo tulijulikana Mombasa, na kwa herufi hiyo tulichekwa.

Mume aliitazama sufuria iliyokuwa mafigani. Kisha akasema kwamba sufuria ya bati ikianguka, hulia kama mlango wao wa mabati ulivyolia siku walipovunjiwa nyumba Kismayo, na kwamba kila ikilia, miguu yake humtoa nje kabla hajajua. Mkewe akayarudisha yale, taratibu, neno kwa neno. "Ni yangu," mume akasema, akajifunika uso kwa kikoi. Vidole vya Somo, nakumbuka, vilikuwa vimesimama zamani. Siku iliyofuata mwanamke yule alitandika gunia chini ya mafiga yake, na masufuria akayatundika kwa kamba za nguo. Hema lao likawa hema kimya kuliko yote kambini, na mume akaanza kulala ndani.

Tangu hapo hiyo ikawa ndiyo sharia ya Somo. Hakuna kujibu kabla ya kurudisha, na hakuna kurudisha kunakokubaliwa mpaka mwenye maneno aseme, *Ni yangu*. Wengine ilikuwa ikiwachukua saa nzima kupata sentensi moja. Wanaume walilalamika kwamba wanafanywa kasuku. Somo aliwajibu kwamba kasuku angemaliza mapema.

Sitaki idhaniwe kwamba wote walipatana. Wako walioachana mbele yake, na yeye aliwahesabu pamoja na waliofaulu, maadamu walitoka wakijua kwa nini. Alinionyesha siku moja njiani bwana na bibi waliokuwa wakinunua viatu vya watoto pamoja, wakicheka na mwenye duka, akaniambia hao ni kazi yake. Nikamsifu kwa kuwapatanisha. "Nimewaachanisha," akasema. "Watazame walivyo na afya."

Kambi za pwani zilipofungwa, watu wetu walisambaa. Wengine walipelekwa kambi za bara, wengine wakajichanganya na Mombasa, wengine wakapata njia ya Ulaya. Ndoa nazo zikasambaa: mume huku, mke kule, na baina yao simu. Somo alikuwa amepanga chumba Kisauni. Mpwa wake alimnunulia simu yenye picha, na haukupita mwezi watu wakaanza kumwita kutoka miji ambayo hakuweza kutamka majina yake. Alikuwa na umri wa kutosha kukataa, na hakukataa.

Simu aliiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga. Aliiweka chini mno, na kwa hivyo picha tuliyoiona sisi wateja haikuwa uso wake, ilikuwa mapaja yake yenye leso, sufuria ya miyaa, na mikono. Tulimwambia mara nyingi asogeze kopo. Hakusogeza. Sijui mpaka leo kama ilikuwa ni uzee au ni hila, lakini iliyobaki kwenye kioo ilikuwa ni ile sehemu yake ambayo tangu zamani ndiyo iliyosema.

Masharti ya simu yalikuwa machache naye aliyatekeleza kikamilifu. Kwanza, kila mmoja aizungushe simu yake chumbani, aonyeshe kwamba yuko peke yake. Alimkamata shangazi mmoja nyuma ya pazia kwa kuona vidole vya miguu. Pili, hakuna kuzima sauti. Mwenye kutaka kukohoa na akohoe. Tatu, mtandao ukikatika, aliyekuwa akisema huanza upya tangu mwanzo. Nilipolalamikia hilo la tatu kwamba linapoteza wakati, akasema mtandao mbovu ni msaidizi wake, kwani mtu akilazimika kulisema neno lake baya mara ya pili, mara nyingi hulipunguza ukali mwenyewe. Na kila palipotokea kimya, aliuliza swali lake ambalo lilienea mpaka likawa mzaha wa vijana wetu wote:

"Umenyamaza, au umeganda?"

Aliuliza kwa dhati. Picha iliyosimama na mtu aliyesimama hufanana, na yeye hakutaka kukisia.

Basi na mimi nilikwenda. Nilifika Kisauni kwa miguu yangu, kwa kuwa niliona aibu kuanza kwa simu, nikamweleza kwamba mke wangu anataka talaka na kwamba ninaomba amshauri asubiri. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwamba hamshauri mtu asiyekuwepo, na kwamba Alhamisi, baada ya alasiri, niwe chumbani kwangu na simu yangu, na Mwanaesha atakuwa kwake, ambako itakuwa ni saa ya chakula cha mchana.

Ni lazima sasa niseme kilichotokea Chula, na nitakisema kama nilivyokuwa nikikisema wakati ule. Vita vilipoingia Kismayo, mke wangu alitangulia Chula pamoja na mama yake aliyekuwa mgonjwa, kwa mashua ya jirani. Mimi nilibaki nyuma ili niokoe kasha la vitabu vya mwalimu wangu, vingine vikiwa vya kuandikwa kwa mkono. Nilimwambia nitafika kesho asubuhi. Njia zikafungwa, nikachelewa siku chache, na nilipofika nikakuta mama mkwe amekwisha kuzikwa. Nikasimama kaburini, nikasoma yanayosomwa bila kuacha hata irabu. Kesho yake tukapata boti ya kwenda upande wa Kenya.

*Siku chache*. Hivyo ndivyo nilivyosema kwa watu wote na kwa miaka yote. Nimefundisha hesabu za mirathi. Najua kugawa urithi mpaka sehemu ya ishirini na nne. Lakini hapo tu, katika maisha yangu yote, nilitosheka na "chache".

Na jambo jingine. Mombasa niliiacha lugha yangu. Askari waliposimamisha watu njiani, neno *mchu* moja lilitosha kukupandisha gari la polisi. Nikauzoeza ulimi wangu kusema kama wasemavyo vitabuni, kwanza barabarani, halafu darasani, halafu nyumbani. Mwanaesha hakubadilika. Alinitania mwanzoni kwamba ameolewa na redio. Baadaye aliacha kunitania, nami nikadhani amezoea.

Vikao vitatu vya kwanza havikutupeleka mbali. Nilirudisha maneno yake kwa ufasaha, naye akasema si yake. Kikao cha nne, Somo alimwomba Mwanaesha asome ule ujumbe wake wa kwanza. Akausoma: "Wewe hujui siku chachu za Chula."

"Mrudishie, Mwalimu," Somo akasema. Mikono ilikuwa ikisuka.

Nikasema kwamba mke wangu anasema siku alizokaa Chula zilikuwa za uchungu, na kwamba anaona mimi sikuuonja uchungu huo.

"Si yangu."

Nikafikiri. Nikasema kwamba labda ana maana ya kilichochacha: kwamba siku zile zilianza kama maziwa mazuri, yakaachwa juani, yakaharibika.

"Si yangu," Mwanaesha akasema. "Na hayo maziwa yametoka wapi?"

Nilisikia Somo akicheka puani. Nikakasirika kidogo. Nikaanza kueleza asili ya neno hilo, na matumizi yake katika vyakula na katika tabia za watu, na nilikuwa nimefika kwenye ugali wa chachu vidole vya Somo viliposimama.

"Mwalimu. Acha kufasiri. Hesabu."

"Nihesabu nini, Somo?"

"Hesabu tu. Kama mama yako alivyokuhesabia ukiwa mtoto, kwa vidole. Si kama Mombasa. Kama kwenu."

Nilijiona mpumbavu. Nikainua kidole mbele ya simu. "Moja," nikasema. Nikainua cha pili. "Mbili." Nikainua cha tatu, na mdomo wangu, ambao ulikuwa haujaitwa kwa lugha hiyo kwa miaka mingi, ukatangulia akili yangu.

"Chachu."

Kwetu, tatu ni *chachu*.

Sijui nilikaa vipi. Najua tu kwamba kidole kile cha tatu kilibaki juu, na kwamba katika kioo changu mikono ya Somo ilikuwa imetulia juu ya ukili, na kwamba hatimaye sauti yake ilikuja, ya upole kuliko nilivyoizoea.

"Mwalimu, umenyamaza, au umeganda?"

"Nimenyamaza," nikasema.

Mwanaesha ndiye aliyeendelea. Alisema kwamba alipofika nchi ile na kuulizwa na maafisa habari za kukimbia kwake, aliwaambia alimngoja mumewe siku chachu, na mkalimani, mtu wa bara asiyewajua Wabajuni, akaandika siku za uchungu. Wakamuuliza kwa nini hajui idadi. Akasema anajua. Wakamwambia karatasi haionyeshi. Ikamchukua mwaka mzima kuirudisha hesabu yake mahali pake.

"Mkalimani nilimsamehe," akasema. "Hakuwa mchu wa kwetu. Wewe uliniandikia yaleyale, Mwalimu. Uliongeza na mawaidha."

Somo hakuniruhusu kuomba radhi. Alisema radhi ni jibu, na mimi bado sijarudisha. Akaniambia niulize kwanza: ni siku tatu, na kila moja ilikuwa na asubuhi yake.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilikwenda vikao vingi, kila Alhamisi siku moja au nusu ya siku. Siku ya kwanza mama yake alikunywa uji, akauliza kama mkwewe amekula. Boti iliyokuwa na nafasi ya watu wawili ilikuja, na Mwanaesha akairudisha kwa kuwa nilisema kesho asubuhi. Siku ya pili alikwenda ufukweni mara saba, alizihesabu. Ikaja boti nyingine. Mama yake ndiye aliyesema wangoje: "Atakuja na vitabu vyake, hatatuona, atahuzunika." Siku ya tatu mama hakuamka vizuri, akafa siku hiyohiyo. Wanawake wa Chula walimkosha, kwa kuwa jamaa zake wote walikuwa wamekwisha kuondoka, na Mwanaesha alishika maji bila kujua majina ya waliomsaidia. Nami nilifika asubuhi ya nne na kasha kichwani, na neno langu la kwanza, alinikumbusha, lilikuwa ni kwamba vitabu havikulowa.

Nilirudisha yote. Nilijifunza kurudisha kwa Kibajuni, kwa kuwa kila nilipoteleza nikasema "mtu", aliniambia si yake. Nilikosea, nikaanza tena. Mtandao ulikatika, nikaanza tena. Alipofika kwenye neno la vitabu, alisema hakuwa akinilaumu kwa kuchelewa. Njia zilifungwa, na hilo alilijua tangu zamani. Alichotaka ni kwamba siku zile ziwe na mtu wa pili anayezijua. Nikamrudishia hayo, polepole, kwa ulimi alioolewa nao.

"Ni yangu," akasema.

Nakumbuka nilisikia kitu kikishuka mabegani, kama mtu aliyebeba kasha miaka mingi hata akasahau kwamba si sehemu ya mwili wake. Somo alikuwa amekwisha kurudi kwenye ukili. Akasema sasa ndiyo ruhusa ya kuomba radhi, lakini tufanye haraka, ana wali motoni. Kabla simu haijazimwa, Mwanaesha aliniuliza nimekula nini. Hakuwa ameniuliza swali hilo kwa miaka miwili. Suala la talaka halikuondolewa kwa maneno, halikutajwa tena. Karatasi zangu zilikuja mwaka uliofuata, nikaenda, na binti yangu aliyenipokea uwanjani alishangaa kwamba baba yake anazungumza kama mama.

Mara ya mwisho nilimwona Somo si Mombasa. Alikuwa amerudi Chula. Aliwaambia wateja wake kwamba simu imemuumiza sikio, na kwamba anataka kufia mahali ambapo watu wakinyamaza, wamenyamaza kweli. Mwanaesha alikuwa amepata pasipoti, na kwa miaka mingi alikuwa akitaka kulizuru kaburi la mama yake. Tuliposikia kwamba Kismayo na njia ya visiwani zimetulia kidogo, tukaenda.

Tulimkuta barazani kwake, amepungua mno. Vidole vilikuwa vimevimba vifundoni, na ukili uliokuwa mapajani ulikuwa wa zamani, aliushika tu. Sikio moja lilikuwa limekufa. Alitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, na ndipo nilipotambua kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kuyaona macho yake yakinielekea.

"Mwalimu umenenepa," akasema. "Anakupikia huyu?"

"Ananipikia, Somo. Nami nampikia."

"Muongo," akamgeukia Mwanaesha. "Anapika?"

"Anapika," Mwanaesha akasema kwa sauti ya juu, karibu na sikio zima. "Chumvi ndiyo hajui."

Somo akafurahi. Akauliza habari za mtoto, akauliza bei ya samaki Kismayo, akalaumu boti iliyotuleta. Kisha akatuuliza tutakaa Chula siku ngapi, kwa kuwa kitanda kiko kimoja na atatuazimia kingine.

Mwanaesha alijua jibu; tulikuwa tumekubaliana tangu safari haijaanza. Alitazama mbele, upande wa makaburi, akaniachia mimi.

"Siku chachu," nikasema.

Bibi akaweka mkono nyuma ya sikio. Sijui kama hakusikia, au kama ilikuwa ni ile hila yake ya kopo la maziwa.

"Nikurudishie?" akauliza. Akainua mkono wake mbele yetu na, kwa taabu, akafungua vidole vitatu visivyonyooka. "Mwalimu anasema, atakaa na mkewe Chula siku chachu."

"Ni yangu," nikasema.

Na Mwanaesha, ambaye hakuulizwa, akasema, "Na yangu."